Madodoso 71 ya saa 4 asubuhi: kisa cha mwanafunzi wa uzamili, mwani na bamvua

Kisa hiki ni cha mwanafunzi niliyemsimamia tasnifu yake ya uzamili. Nitamwita Rehema, ingawa si jina lake. Kijiji sikitaji, chuo sikitaji, mwaka pia nimeuacha. Rehema amesoma rasimu ya andishi hili, na mdadisi (aliyemsaidia kuhoji watu) anayezungumziwa humu pia ameisoma. Mmoja wao aliniomba nibadilishe jambo moja, nikalibadilisha. Hesabu za madodoso nimeziacha zilivyo kwa sababu bila hizo kisa hakieleweki.

Nawaandikia wanafunzi wanaojiandaa kwenda uwandani, na wasimamizi wenzangu ambao hutia saini ratiba ya kazi wakiwa wamesimama mlangoni, funguo za gari mkononi. Ratiba ya Rehema niliisaini hivyo hivyo.

Usuli

Rehema ni mwalimu wa sekondari. Alikuja chuoni akiwa na miaka 6 kazini na ruhusa ya masomo ya miaka 2. Mshahara uliendelea kuingia, ila ada alijilipia. Alipanga chumba kimoja na mwenzake wa darasa, binti wa Tanga, wakipokezana: wiki hii wewe kitandani, mimi godoro la chini, wiki ijayo tunabadilishana. Usiku walikaa maktaba mpaka mlinzi aje kuzima taa, maana intaneti ya maktaba ilikuwa ya bure na ya bando ilikuwa inakula nauli. Wanafunzi 8 wa darasa lao walikuwa na mchezo wa shilingi 150,000 kwa mwezi. Zamu ya Rehema ilimpa 1,200,000, kaka yake akamwongezea 400,000, na hiyo 1,600,000 ndiyo iliyokuwa bajeti nzima ya utafiti wake. Nawaomba wasomaji waikumbuke hiyo hesabu. Mengi yaliyofuata yanaanzia hapo.

Mada yake ilikuwa kilimo cha mwani katika kijiji kimoja cha pwani ya kusini: nani anaendelea, nani anaacha, na kwa nini. Mada nzuri. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Unguja mwaka 1989, upande wa mashariki, Paje na Jambiani, kisha kikaenea hadi pwani ya bara. Wakulima wengi ni wanawake. Wanapanda aina mbili kubwa: spinosamu, ambayo ni ngumu kufa lakini bei yake ni ndogo, na kotonii, yenye bei nzuri zaidi lakini haivumilii maji ya moto ya kina kifupi. Mkulima hupigilia vigingi mchangani, hutandika kamba, hufunga vipande vya mbegu, na baada ya wiki 6 hivi huvuna. Mwani ukikauka huuzwa, husafirishwa nje, na huko hutolewa ute unaotumika kwenye dawa ya meno na aiskrimu.

Kazi hiyo yote hufanyika maji yakiwa yamekupwa. Rehema aliliandika hilo kwenye sura ya pili, tena kwa ufasaha, ukurasa wa 23. Nililisoma na kuliwekea alama ya vema.

Rehema amekulia nyanda za juu. Bahari aliijua kwa kuiona akiwa kwenye feri. Mimi pia ni mtu wa bara.

Jinsi ratiba ilivyopangwa

Anayedhani mwaka wa utafiti ni mwaka wa kusoma hajafanya uzamili kwetu. Sehemu kubwa ni kufuatilia sahihi. Andiko la utafiti lilirudishwa mara 3, mara moja kwa sababu ya hoja ya msingi na mara mbili kwa sababu ya mpangilio wa vichwa vya habari. Kisha ikaja safari ya barua: kibali kutoka chuoni, kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa Mtendaji wa Kata, mpaka kwa Mtendaji wa Kijiji. Kila ofisi inaipokea barua ya juu na kutoa yake ya kwenda chini. Hakuna aliyemnyima. Kila mmoja alikuwa na semina.

Barua ya mwisho ilipotoka, zilikuwa zimebaki wiki 5 kabla ya tarehe ya kukabidhi rasimu ya kwanza. Rehema alipiga hesabu: nauli, chumba cha kulala watu 3, chakula, malipo ya wadadisi 2. Pesa ilitosha siku 10. Akachagua siku 10 zilizoanza Jumatatu iliyofuata, kwa sababu ilikuwa Jumatatu iliyofuata. Kwa kalenda ya Kiislamu, ambayo hakuna kati yetu aliyeitazama, siku ya kwanza ya kazi ilikuwa mwezi 13, yaani siku ya 13 tangu mwezi uandame.

Kuhusu ukubwa wa sampuli, ushirika wa wakulima ulikuwa na daftari lenye majina 400. Alitumia kanuni ya Yamane, kama nusu ya wanafunzi wetu: majina 400 kwa kiwango cha makosa cha asilimia 5 yanatoa watu 200. Mia mbili ilikuwa namba safi, ikapendeza kwenye jopo la kupitia maandiko. Dodoso lilikuwa na maswali 62. Tulipolijaribu lilichukua dakika 40.

Watu 200, dakika 40 kila mmoja, siku 10, watu 3. Karatasini inawezekana, kila mmoja akifanya watu 7 kwa siku. Kwa hiyo, ili kazi isilale, Rehema aliamua kuwalipa wadadisi kwa kila dodoso lililokamilika: shilingi 4,000. Nilimuuliza kwa nini asilipe kwa siku. Alisema akilipa kwa siku watakaa kivulini. Nikaona ana hoja.

Siku 10 za uwandani

Wadadisi walikuwa wawili. Wa kwanza nitamwita Hamisi, kijana aliyemaliza shahada ya kwanza, anaishi mji wa wilaya, mchangamfu, anajua simu. Wa pili nitamwita Somoe, binti wa kijijini pale pale, kidato cha nne, mama yake mkulima wa mwani. Rehema alimchukua Somoe kwa sababu Mtendaji alishauri awepo mwenyeji. Mwenyewe alisema baadaye kwamba aliona kama anafanya hisani.

Dodoso lilikuwa kwenye simu, kwa programu ya KoboToolbox. Tuliitengeneza fomu ijiandikie yenyewe saa ilipofunguliwa na saa ilipofungwa. Kipengele cha kurekodi mahali tulikiondoa, kwa ushauri wangu, ili kulinda siri za wahojiwa. Ule ulikuwa ushauri mzuri, na bado ningeutoa.

Siku ya kwanza Rehema alikaa ofisi ya kijiji kutwa nzima: kitabu cha wageni, utambulisho, kumsubiri mwenyekiti. Usiku, kwenye kundi la WhatsApp la timu, Hamisi aliweka ujumbe wa sauti. Rehema amenisikilizisha. Una sekunde 19. Upepo unavuma nyuma, na Hamisi anasema: "Dada Rehema, leo nimezunguka nyumba tisa, mikeka mitupu. Kina mama wote wako bahari, wakirudi wamechoka, wanapika. Sasa nifanyeje?"

Rehema alijibu kwa maandishi: "Jitahidi kaka, lazima tufikishe idadi."

Siku ya pili Hamisi alileta madodoso 9. Ya tatu, 10. Ya nne, 11. Rehema alifurahi, akamtumia picha ya kidole gumba. Somoe alikuwa akileta 3, siku nyingine 4, na siku ya tano Rehema alimweka pembeni akamwambia, kwa upole lakini akamwambia, kwamba mwenzake anafanya mara tatu ya kazi yake. Somoe alisema, "Sawa, dada." Hakujitetea. Sauti ya binti wa kidato cha nne mbele ya mwalimu mwenye shahada haiendi mbali, hata akiwa yeye ndiye anayejua.

Siku ya 10 walifunga hesabu. Rehema 31, Somoe 38, Hamisi 71. Jumla 140. Haikufika 200, lakini si haba. Hamisi akalipwa 284,000 yake, wakapiga picha ya pamoja ufukweni, wakapanda basi.

Katika siku zile mbili za mwisho, Rehema anakumbuka, kijiji kilikuwa kimechangamka. Wanawake walikuwa barazani, wanasuka ukili, wanaita wageni karibuni. Alidhani wamewazoea.

Namna ilivyogundulika

Wiki 2 baadaye alikuwa anasafisha data kwenye programu ya takwimu ya SPSS, chumbani, kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa. Swali la 14 liliuliza idadi ya watu katika kaya. Aliona kuna kipande kirefu cha 5, 6, 5, 5, 6. Akadhani ni kosa la kuhamisha faili. Akafungua safu za muda ili ajue kipande kile kinaanzia wapi, na akamwita mwenzake amsaidie kusoma tarehe wakati yeye anaandika.

Yule binti wa Tanga alisoma mistari kama sita, akanyamaza. Akachukua simu yake, akafungua kalenda ya tarehe za Kiislamu.

"Shoga," akasema, "hao wanawake umewapata wapi saa nne asubuhi? Mwezi kumi na tano hiyo. Bamvua."

Kwa wasomaji wa bara wenzangu: maji ya bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, lakini si kwa kiasi kilekile. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na hupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, maji hayajai sana wala hayapwi sana, nayo huitwa maji mafu. Bamvua huja kila baada ya wiki 2 hivi na kukaa siku kadhaa. Katika pwani yetu, maji ya bamvua hupwa kabisa asubuhi kuelekea mchana, na hapo ndipo mashamba ya mwani huachwa wazi. Mkulima wa mwani hana siku nyingine. Saa 4 asubuhi ya mwezi 15 yuko majini hadi magotini, nusu kilomita kutoka nyumbani kwake. Mchumba akija kuposa saa hiyo atamkuta bibi peke yake, na pengine bibi naye yuko shambani.

Kati ya madodoso 71 ya Hamisi, 58 yalifunguliwa kati ya saa 3 asubuhi na saa 6 mchana katika siku 6 za mwanzo. Yalichukua dakika 7 hadi 11 kila moja. Ya Somoe yote 38 yalikuwa ya kati ya saa 10 jioni na saa 2 usiku, na hakuna lililopungua dakika 35.

Maamuzi, na sababu zake

Rehema alinijia kesho yake. Hakukaa. "Mwalimu, nina jambo," akaniwekea karatasi mezani. Nilipomaliza kusoma nilimuuliza swali ambalo sijivunii: "Ukiyatoa, unabaki na mangapi?"

Sikuuliza nini kimetokea. Niliuliza yanabaki mangapi, kwa sababu nilikuwa nawaza tarehe ya rasimu, na nilikuwa nimeshaandika kwenye ripoti ya idara kwamba mwanafunzi huyu amekamilisha ukusanyaji wa data. Yalikuwa yanabaki 69.

Njia zilikuwa tatu. Kuyaacha yote 140 na kunyamaza, ambayo hakuna aliyeitamka lakini ilikuwa imekaa mezani pamoja nasi. Kuyatoa na kuandika kwa 69. Au kurudi.

Kabla ya kuchagua, nilimshauri aendeshe uchambuzi mara mbili, pamoja na yale 71 na bila hayo. Huo ndio ushauri wangu pekee katika kisa hiki ninaoukumbuka bila kuona aibu. Kwa madodoso 140, wanawake wapatao 7 kati ya 10 walisema wanakusudia kuendelea na mwani. Bila ya yale 71, walikuwa chini ya nusu. Hamisi alikuwa amepika data za mtu anayekitazama kilimo cha mwani kutoka barabarani: kina mama wanafanya kazi, wanapata hela, kwa nini waache? Data za kupikwa hufanana na dhana za mpishi, na dhana ya Hamisi ilikuwa sawasawa na iliyokuwa imeandikwa kwenye mabango ya miradi. Tasnifu ingepita. Nakala ingeenda halmashauri, kama barua ya kibali inavyotaka, na ingewaambia kwamba mambo ni shwari.

Baada ya hapo hakukuwa na mjadala wa kuyaacha. Mjadala ulikuwa kama tutoe yale 58 tu au yote 71. Nilitaka 58, yale 13 mengine yalikuwa na saa zinazokubalika na urefu unaokubalika. Rehema alitaka yote. Alisema hawezi kumtetea mbele ya mtahini mtu ambaye anajua amemdanganya mara 58. Nikamwachia.

Rehema alimpigia Hamisi simu mwenyewe, hakumwandikia. Hamisi hakukana. Alimkumbusha ule ujumbe wa sauti. Rehema anasema aliusikiliza upya baada ya kukata simu, akiwa kituo cha daladala, na daladala mbili zikampita. Pesa hakuidai. Mimi niliona angeidai japo nusu, kwa kanuni tu. Yeye alisema kanuni iliyompa Hamisi ile pesa aliitunga yeye mwenyewe.

Kurudi

Kurudi kulihitaji muda na pesa, na vyote havikuwepo. Aliomba kuongezewa semesta moja. Idara ilikubali, pamoja na ada ya kuongezewa muda. Mchezo ulimkopesha zamu ya mtu mwingine, yule yule binti wa Tanga. Ruhusa ya masomo ilikwisha katikati, hivyo Rehema akarudi kufundisha na safari ya pili ikasubiri likizo ya shule.

Safari hii alianza kwa kumpigia Somoe: "Nije lini?" Somoe akamwuliza mama yake. Wakapanga siku 12 kwa mafungu mawili, kila fungu katika maji mafu. Muda wa katikati, wa bamvua, Rehema hakuhoji mtu. Alivaa raba, akashuka na wanawake kufunga mbegu. Aliniambia siku ya kwanza mgongo ulimfunza zaidi ya sura ya pili nzima. Bibi mmoja alimcheka: "Mwanangu, miezi ile mlikuja na masimu yenu mkapita juu kwa juu. Leo umeshuka."

Somoe alilipwa kwa siku. Alikuwa ndiye mdadisi pekee.

Katika siku hizo ndipo walipolipitia daftari la ushirika jina kwa jina, jambo ambalo lingepaswa kufanyika mwanzo kabisa. Majina 400 yalikuwa ya kila mtu aliyewahi kuchukua kamba kwa mnunuzi. Wengine walishaacha miaka mingi, wengine wamehamia, kadhaa ni marehemu. Waliokuwa bado wanalima walikuwa 230. Kwa idadi hiyo, kanuni ileile ya Yamane kwa asilimia 5 inataka watu 146, si 200. Ile namba safi tuliyoikimbiza, iliyomfanya Rehema aandike "lazima tufikishe idadi", haikuwa hata namba sahihi.

Safari ya pili ilileta madodoso 52. Pamoja na yale 69, jumla 121. Hayakufika 146, kiwango cha makosa kikapanda hadi takriban asilimia 6, na Rehema akakiandika hivyo hivyo.

Matokeo

Alitetea tasnifu semesta moja baada ya wenzake, na mahafali akahudhuria mwaka uliofuata, peke yake kutoka darasa lao. Alipita kwa masahihisho madogo.

Kwenye sura ya tatu kuna aya moja inayoeleza kwamba madodoso 71 yaliondolewa, kwa nini, na namna yalivyotambuliwa. Niliwahi kumpendekezea maneno laini: "baadhi ya data zenye kasoro ziliondolewa." Alikataa. Nilikuwa na hofu kwamba mtahini wa nje ataishikilia ile aya. Kumbe mtahini alitumia robo saa nzima juu ya nadharia na nyingine juu ya nafasi kati ya mistari, na kuhusu aya ile akauliza swali moja tu: jedwali la maji mlilipata wapi? Rehema akajibu kwamba bandari hutoa majedwali ya maji kupwa na kujaa, lakini yeye alionyeshwa na mwenzake wa chumbani kwa kalenda ya simu. Jopo likacheka, tukaendelea.

Uchambuzi

Nikimsimulia mtu kisa hiki, wengi huishia kwa Hamisi. Alidanganya, ni kweli, na sijamtafutia udhuru. Lakini mtazame alipokuwa. Siku ya kwanza alifanya kazi kwa uaminifu, akazunguka nyumba 9, akapata sifuri, na kwa utaratibu wetu sifuri ilimaanisha kulala bila senti. Usiku huo huo akaeleza tatizo waziwazi kwa mwajiri wake. Akajibiwa kwa idadi. Malipo kwa dodoso yanafaa pale ambapo kinachochelewesha kazi ni uvivu wa mdadisi. Hapa kilichochelewesha kazi kilikuwa mwezi, na mwezi haupokei motisha.

Lile la kumlipa mdadisi kwa siku lina tatizo lake pia, nisidanganye. Wapo wanaokaa kivulini. Tangu hapo nawashauri wanafunzi walipe kwa siku, kisha kila jioni wakae na wadadisi nusu saa wakifungua fomu mbili tatu pamoja: huyu mama umemkuta wapi, alikuwa anafanya nini, alisema nini ambacho fomu haikuuliza? Aliyehoji kweli ana la kusimulia. Ni nusu saa tu, na hakuna programu inayoweza kuichukua nafasi yake. Safu za muda za Kobo zilikuwepo tangu siku ya pili. Rehema angeweza kuziona usiku ule ule kwenye simu yake. Hakuzitazama kwa sababu hakuna aliyemwambia zinatazamwa kwa ajili gani. Mimi nilimfundisha kuziwasha tu.

Kosa la daftari ni langu zaidi kuliko lake. Jopo zima tuliuliza kanuni gani imetumika na hatukuuliza orodha ni ya lini. Nimeshakaa kwenye majopo mengi baada ya hapo, na bado swali la kanuni huulizwa kwanza.

Kuhusu ratiba, mtu anaweza kusema Rehema angeuliza tu. Angemuuliza nani? Barua ya kibali ilipita ofisi 5, na katika ofisi zile hakuna hata moja ambayo kazi yake ni kumwambia mtafiti kwamba wiki ijayo ni bamvua. Mtu wa kwanza ambaye angemwambia alikuwa Somoe, na Somoe aliajiriwa baada ya tarehe kupangwa. Katika safari ya pili mpangilio uligeuzwa: mwenyeji kwanza, tarehe baadaye. Hilo lilifaa kuliko kitu kingine chochote tulichobadilisha, na halikuongeza gharama.

Kilichofaa kingine hakikuwa cha kupangwa. Rehema alikuwa anaishi na mtu wa pwani. Angekuwa amepanga na mtu wa nyanda za juu mwenzake, nadhani zile 5, 6, 5, 5, 6 zingeitwa kosa la faili, na mimi ningezipitisha. Tunawashauri wanafunzi watafute vyumba vya kukaa peke yao ili wapate utulivu wa kuandika. Siku hizi siwashauri tena.

Kuna lililobaki ambalo sijalipatia jibu. Katika safari ya pili, Somoe alimfikia mama mmoja akaanza kumsomea fomu ya ridhaa. Yule mama akasema, "Mbona nilishahojiwa? Yule kijana alikuja jioni, tukakaa hapa hapa, nikamweleza yote, mpaka habari za marehemu mume wangu." Alikuwa mmoja wa wale 13. Rehema alimwomba radhi na kumwuliza kama yuko tayari kuanza upya. Mama akamtazama muda mrefu, akavuta mkeka karibu, akasema haya, andikeni tena.